Kutohoa Majina ya Kwetu Katika Lugha ya Kubuni: Kutoka Kisumu hadi Kisomo

Mzee mmoja niliyeketi naye kwenye matatu ya kwenda Eldoret hakuutaja mji huo kwa jina lake hata mara moja. "Mimi nashuka Sisibo," alimwambia makanga, na makanga, kijana wa juzi tu, akamwelewa. Kabla serikali ya kikoloni haijaupa mji huo jina rasmi la Eldoret mwaka wa 1912, watu waliuita Sixty-Four. Wenyeji wakalipokea jina, wakalipitisha kinywani mwao, likatoka Sisibo.

Tazama kilichotokea humo ndani. Ile x ni sauti mbili, k na s, zilizobanana, k ikaangushwa. T nayo ikaangushwa. F haimo katika Kikalenjin. Sauti ya midomo iliyo karibu nayo ni p, na p ya Kikalenjin ikikaa katikati ya irabu hulegea ikasikika kama b. R ya mwisho ilikwisha kufa kwa Waingereza wenyewe. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hayo. Ni kinywa tu kilichofanya kazi yake.

Ukiunda lugha yako, iwe ya hadithi, ya mchezo wa kompyuta au ya kujifurahisha, kinywa hicho huna. Watumiaji wa lugha hiyo ni wewe peke yako. Siku wahusika wako watakapokutana na jina la kweli, Kakamega au Wanjiku au Kipchoge, itabidi ufanye kwa kalamu kile ambacho watu wa Uasin Gishu walikifanya bila kufikiri. Kwa Kiswahili tunaita kazi hii kutohoa. Nimeifanya kwa miaka kadhaa nikiwa Kisumu, na mengi nitakayosema hapa niliyajua baada ya kukosea.

Kabla ya yote, andika sheria zako

Huwezi kutohoa jina kuelekea lugha isiyo na mipaka. Lugha yangu inaitwa Kitawe, inasemwa na watu wa kisiwa cha Tawe, kisiwa ambacho hakipo. Katika hadithi yangu wavuvi wa Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, wanapotezwa na upepo usiku, wanaamkia huko, na Watawe wanasikia majina yetu kwa mara ya kwanza. Sheria zao ni hizi:

- Irabu ni nne: a, e, i, o. Hakuna u.
- Konsonanti ni kumi: p, t, k, m, n, s, h, l, w, y.
- Silabi ni konsonanti moja na irabu moja. Irabu inaweza kusimama peke yake mwanzoni mwa neno tu.
- Sauti pekee inayoruhusiwa kufunga silabi ni n.
- Irabu mbili hazikai pamoja.
- S haitangulii i. Ikijikuta hapo, inageuka h.
- Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza.

Ukurasa mmoja unatosha. Ukiona sheria zako zinajaza kurasa nne, huenda unaandika sarufi ya Kiarabu bila kujua.

Kitawe si lugha finyu kuliko zote. Toki Pona, lugha ya kubuni iliyoundwa na Sonja Lang mwaka wa 2001, ina konsonanti tisa, na humo nchi yetu ni Kenja (j yao husomwa kama y yetu) na Uganda ni Ukanta. Kihawaii, lugha ya watu halisi wenye babu na bibi, kina konsonanti nane, na salamu ya Kiingereza ya Krismasi ilipofika huko ikawa *Mele Kalikimaka*. Kwa hiyo usiogope jina likibadilika sana.

Hatua ya kwanza: jina lilisikika kutoka kwa nani?

Wengi huanza na jina kama lilivyoandikwa kwenye ramani. Hapo ndipo mambo huharibika. Jina halihami kutoka karatasi hadi karatasi. Linahama kutoka kinywa hadi sikio. Jiulize nani alilitamka na nani alilisikia.

Chukua Kisumu. Redioni ni Kisumu. Ukikaa na akina mama wanaoanika omena ufuoni utasikia Kisumo, kwa o. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1901, kituo kiliitwa Port Florence. Ni mji mmoja, lakini una milango mitatu ya kuingilia. Watawe wangu walilisikia jina kutoka kwa wavuvi Waluo, kwa hiyo walisikia Kisumo. Kama wangelisikia kutoka kwa karani wa reli, leo Kitawe kingeuita mji huu Polotolo, au kitu kibaya zaidi.

Ziwa ni vivyo hivyo. Mvuvi ataliita Nam Lolwe. Aliyesoma jiografia ataliita Victoria, jina alilolibandika John Hanning Speke mwaka wa 1858. Watawe wamezaliwa ndani ya ziwa hilo na wana jina lao, hawahitaji la mtu yeyote. Lakini wakimsikia mvuvi akisema Lolwe, wataling'ang'ania lile neno wakidhani ni mungu wake.

Halafu kuna karatasi inayodanganya. Vitambulisho vingi huandika Achieng bila ile alama ya juu, na mtu asiye wa huku akilisoma hulimalizia kwa g nzito. Jina linaishia kwa ng', sauti ya ng'ombe, nazali, yaani sauti ya puani, inayotokea nyuma kabisa ya kinywa. Tofauti hiyo itakuwa na uzito mkubwa tukifika kwenye silabi, maana g ya mwisho ingehitaji irabu ya kuiegemea, na ng' haihitaji. Kwa hiyo mwambie mwenye jina alitamke. Mara mbili, kwa kawaida na kwa kuita, kama anavyoitwa akiwa ng'ambo ya barabara.

Wala usidhani sikio la mgeni hukosea tu pale ambapo lugha yake haina sauti fulani. Wamaasai walisema Nai'posha. Waingereza wana p, tena nyingi, lakini wakaandika Naivasha. Msikilizaji alikuwa na haraka, au alikuwa mbali, au hakujali. Hata hilo unaweza kulitumia.

Hatua ya pili: jedwali la sauti

Sasa panga sauti ambazo lugha yako haina, na kila moja uitafutie jirani. Jirani hapa si herufi inayofanana nayo; ni sauti inayotolewa mahali pamoja, au kwa namna moja. Ukikumbuka somo la sauti la kidato cha kwanza, weka vidole viwili kooni useme p, kisha b. Midomo inafanya kazi ileile, ila kwenye b koo linatetemeka. Mwalimu aliita sauti hizi sighuna na ghuna. Kitawe hakina ghuna za aina hiyo, kwa hiyo b inakuwa p, d inakuwa t, g inakuwa k. Hakuna ubunifu hapo, ni kuzima mtetemo tu.

Vikwamizo, sauti zinazotoka hewa ikipenya kwa kukwaruza, vinahitaji uamuzi. F na v zinatolewa midomoni, basi zote nimezipeleka p. Z na sh nimezipeleka s. Dh na th za Kijaluo ulimi unagusa meno, nikazipeleka t. Kimadende r kinakwenda kwa kitambaza l, jambo lisilomshangaza mtu yeyote aliyeishi Nakuru. Ng' inakuwa n. U inakuwa o.

Nitasimama kidogo kwenye ch, kwa sababu iliniumiza. Mwanzoni niliipeleka t. Ch huanza na mguso wa ulimi kama t, kwa hiyo nilijiona nimefikiri vizuri. Katika hadithi nilikuwa na wavuvi wawili, Ochieng' na Otieno. Ochieng' ni wa mchana, jua likiwaka. Otieno ni wa usiku. Niliwachagua makusudi ili wapingane. Watawe walipomaliza kuwaita, mmoja alikuwa Otiyen na mwingine Otiyeno. Dada yangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza, alifika sura ya sita akanipigia simu. "Kwani huyu hakuzama juzi? Amefufuka?"

Nikabadilisha, ch na j zikaenda s, na nikalazimika kurudi nyuma sura zote sita. Tangu hapo sijaribu tena jedwali kwa jina mojamoja. Naandika majina yote ya wahusika kwenye karatasi moja, nayapitisha kwa pamoja, kisha natafuta mapacha wasiotakiwa. Mchana na usiku wakigongana, jedwali ndilo lenye kosa.

Mara nyingi mtu anayefanya haya kwa kinywa chake huchekwa, wanasema anashrabu. Mluo ambaye lugha yake ya nyumbani haina sh akisema "samba" kwa shamba hajakosea ovyo. Amepeleka sauti kwa jirani yake wa karibu, kwa utaratibu, kila mara. Ukitaka kujua jedwali zuri linafanyaje kazi, sikiliza watu hao kwa heshima. Wanakufundisha bure.

Hatua ya tatu: silabi, kazi ngumu

Jedwali ni nusu saa. Silabi ni wiki.

Tatizo ni konsonanti zilizobanana na konsonanti za mwisho. Una njia mbili: kuchomeka irabu au kuangusha konsonanti. Kiswahili chetu hupenda kuchomeka, na hakichomeki ovyo. Kitab ya Kiarabu ikawa kitabu. Stamp ya Kiingereza ikawa stempu. Pump ikawa pampu. Lakini bank ikawa benki. Baada ya sauti za midomo tunaweka u, kwingine mara nyingi tunaweka i. Waqt ya Kiarabu ikawa wakati: ndani tuliiga a iliyotangulia, mwishoni tukaweka i. Wajapani nao wana mazoea yao. Eliud Kipchoge kwao huandikwa Eriudo Kipuchoge: u katikati ya p na ch, lakini o baada ya d.

Kitawe hakina u, kwa hiyo njia ya Kiswahili ilinifungia mlango. Nilikuwa na chaguo la kuiga irabu inayotangulia au inayofuata, na majina ya Wakalenjin ndiyo yaliyoniamulia. Kip- na Chep- ni viambishi. Mtu anavisikia kama mlango wa nyumba moja. Nikiiga irabu inayofuata, Kiprotich ataanza na Kipolo- na Kipkemboi ataanza na Kipeke-, na hakuna atakayejua kwamba majina haya ni ya ukoo mmoja. Nikiiga inayotangulia, Kip- inakuwa Kipi- daima na Chep- inakuwa Sepe- daima. Hivi ndivyo yalivyotoka:

- Kipchoge: Kipisoke
- Kiprotich: Kipilotihi
- Kipkemboi: Kipikenpowi
- Cheptoo: Sepeto
- Chebet: Sepete

Kipilotihi inachekesha, najua. Ch ya mwisho ikawa s, s ikahitaji irabu, ikaiga i, kisha s iliyo mbele ya i ikageuka h. Kila hatua ni halali.

Irabu zinazogusana nimezitenganisha kwa kiyeyusho: w ikiwa mojawapo ni o, y kwingineko. Siaya inakuwa Hiyaya. Kamau anakuwa Kamawo. Odhiambo anakuwa Otiyanpo, na hapo m ya mb imekuwa n kwa sababu n ndiyo pekee inayoruhusiwa kufunga. Bungoma inakuwa Ponkoma kwa njia hiyohiyo. Irabu ndefu nazifupisha bila kuomba ruhusa.

Eldoret ilinikatalia. Kwa sheria ya kuchomeka inakuwa Eletolete, silabi tano, jina la mji likageuka wimbo wa chekechea. Nikaongeza sheria: kitambaza kikifunga silabi katikati ya neno, kinamezwa. Sasa ni Etolete. Sheria ya nyongeza si aibu, mradi uitumie kwa kila jina linalofanana na hilo na si kwa lile tu lililokuudhi.

Nazali mwanzoni mwa neno ndizo zilizonipa raha zaidi. Njoro na Mbale huanza na konsonanti mbili, na hakuna silabi iliyotangulia ya kuibeba nazali. Nilijaribu kuiangusha. Njoro ikawa Solo, sawa. Mbale, ile ya Vihiga, ikawa Pale. Niliandika sentensi "Wafula alikuwa ametoka Pale na hakutaka kurudi Pale," nikaisoma, nikafunga daftari nikaenda kunywa chai. Sasa naweka i mbele: Insolo, Inpale.

Hatua ya nne: mpangilio wa sheria

Wengi huruka hapa. Sheria zako zikiwa zaidi ya tatu, matokeo hutegemea ipi inatangulia. Mfuatilie Ochieng' polepole.

Ch kuwa s: Osieng'. Ng' kuwa n: Osien. Kiyeyusho kati ya i na e: Osiyen. S mbele ya i kuwa h: Ohiyen. Huyo ndiye.

Sasa anza na ile sheria ya s na h. Unatazama Ochieng', huoni s yoyote, unaendelea. Baadaye ch inakuwa s, lakini sheria imekwisha kupita, na unabaki na Osiyen, neno lenye si ndani yake, kitu ambacho Mtawe hawezi kukitamka. Ndiyo maana sheria zinazolinda sauti za lugha yako zikae mwisho, baada ya jedwali na baada ya silabi. Wanjiku vilevile: j kuwa s kwanza, kisha Wansiko, mwisho Wanhiko.

Hata hivyo usilitupe Osiyen. Lugha hai hupokea majina kwa tabaka. Waswahili wa zamani waliichukua khabar ya Kiarabu wakaifanya habari. Waliosoma zaidi Kiarabu wakaendelea kutamka kh katika maneno mengine. Kuna anayesema burashi na kuna anayesema brashi, na umri wao mara nyingi unajulikana hapo. Katika Tawe, wazee husema Ohiyen. Vijana waliozoeana na wavuvi kwa miaka kumi wameanza kusema Osiyen, na wazee wanawaona wamepotea. Sijahitaji kueleza mabadiliko ya kizazi kwa aya nzima. Jina moja limebeba yote.

Hatua ya tano: neno limekuwa na maana gani?

Tazama pande mbili: lugha yako na lugha ya msomaji. Kisumu, uisikie kwa u au kwa o mwishoni, inatoka Kisomo. Msomaji wa Kiswahili atafikiria darasa la watu wazima, ubao na chaki. Kwa Mbale nilikimbia, kwa Kisumu nilibaki, maana mhusika wangu mmoja hajui kusoma, na Watawe wanapomwambia "wewe ni mtu wa Kisomo" anadhani wanamcheka. Inategemea hadithi yako inaweza kulipia nini.

Upande wa lugha yako ni mtamu zaidi. Kwa Kitawe, ki ni maji. Watawe waliposikia Kisomo, walielewa "maji ya Somo," na ndani ya mwaka mmoja walikuwa wakiuita mji Somo. Si jambo la ajabu. Kitab haikuwa na kiambishi chochote kwa Waarabu. Sisi tuliona ki- tukasema kimoja kitabu, viwili vitabu, na hakuna aliyetushtaki.

Kwa majina ya Wabukusu nilifanya kinyume. Wafula na Nafula, Wanjala na Nanjala, wa- kwa mwanamume na na- kwa mwanamke. Yanatoka Wapola na Napola, Wansala na Nansala. Nimehakikisha hakuna neno la Kitawe linaloanza na wa- au na- zenye maana nyingine, ili Watawe waone wenyewe mpangilio huo baada ya kukutana na watu wanne. Wekesa alipita kwenye jedwali bila kuguswa hata herufi, na mjomba wangu mwenye jina hilo amefurahi kupita kiasi.

Maneno yenye maana wazi usiyatohoe. Katika Homa Bay, mvuvi ataeleza kwa mikono kwamba ile ya pili ni ghuba, na Watawe wana neno lao la ghuba, noto. Kwao ni Noto Homa.

Hatua ya mwisho: daftari na masikio ya wengine

Weka daftari lenye nguzo nne: jina, lilivyosikika, lilivyotoka, na nani alilileta. Hiyo ya nne utaona ni ya ziada mpaka siku utakapogundua Naivasha iko mara mbili, Nayipasa kutoka kwa dereva wa lori na Nayiposa kutoka kwa mchungaji wa Kimaasai, na zote mbili ni sahihi.

Kisha mpe mtu asome kwa sauti, mtu asiyejua sheria zako. Akikwama mara mbili mahali pamoja, hapo pana kasoro. Mimi huwatumia watoto wa plotini jioni, wakisubiri maji yajae mitungini. Niliwapa Cheruiyot baada ya kumpitisha kote: ch kwa s, r kwa l, u kwa o, irabu ya mwisho ikaiga, kiyeyusho kikaingia, akatoka Selowiyoto. Walilisoma vizuri, mkazo mbele kama nilivyowaonyesha. Walipolirudia mara ya tatu likawa Selowito. Kufikia wakati mtungi wa mwisho ulipojaa walikuwa wakiitana Selo, na mdogo wao, ambaye hajaota meno ya mbele, alikuwa akisema Helo.

Nimeandika Helo kwenye nguzo ya tatu.